Baba Aliyekataa Kufa Kitabuni

Asubuhi ile nilitoka Nkuhungu, Dodoma, na begi jepesi, sijui niendako. Stendi nilikuta gari la Kondoa ndilo linaondoka, nami nikapanda.

Njiani nilisoma riwaya niliyopewa na muuza karanga. Kurasa za mwisho alikuwa ameshafungia karanga. Msimulizi anasema baba yake anapenda kahawa. Ukurasa wa pili, baba alipenda kahawa. Nikasema haya, mzee kafa, Mungu amrehemu. Ukurasa wa tatu baba anaingia sebuleni, anadai kikombe chake! Shule niliiachia darasa la sita. Nikadhani labda somo la kufufua watu lilikuwa la saba. Nikarudi nyuma kulitafuta kaburi, sikuliona. Nilishuka Kondoa nimemnunia mwandishi.

Gesti zote zilijaa wageni wa mnada. Muuza kahawa akanielekeza kwa bibi mmoja mjane mwenye chumba cha kupangisha.

"Ila leo keshafukuza wawili," akasema. "Mumewe hakuwapenda."

"Si umesema mjane?"

"Ndiyo. Nenda tu, utamwona."

Bibi aliitikia shikamoo yangu barazani bila kunikaribisha kukaa. "Chumba kipo, lakini mwenye kuamua ni mzee. Hapendi watu wasio na adabu."

Pembeni yake palikuwa na kiti cha kamba, na juu yake kofia ya kiua. Jua lilikuwa linazama na sina pa kulala. Nilikisia wale wawili ama walikikalia, ama waliuliza mzee alifariki lini. Mimi nilikuwa nimesafiri na baba wa namna hiyo tangu Dodoma. Nikaiinamia ile kofia.

"Shikamoo, mzee."

Bibi akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimcheza. "Marahaba, anasema. Anauliza watokea wapi."

"Nkuhungu, mzee."

"Na mbona huna mzigo ila hicho kibegi? Mwizi wewe?"

"Ningekuwa mwizi, mzee, si ningekuwa na mzigo?"

Hapo bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo.

"Umepita. Viatu viache nje, alikuwa hapendi vumbi."

Akaitazama kofia.

"Hapendi," akasema.

Nikavivua, nikavikung'uta, nikavipanga vizuri mlangoni.