Trei Mbili za Mifupa

Katika chumba chetu cha mifupa ya ndege wa kale iliyochimbwa pangoni, pale mjini Sofia, mama mtafiti niliyekuwa msaidizi wake alikuwa akivua miwani kila aliposhika mfupa mdogo, akaupitisha taratibu kwenye mdomo wake wa chini, kisha akanong'ona, "Huyu kware wa theluji. Enzi zake, nje ya pango kulikuwa na baridi ya kuua." Vidole vyake vilitetemeka akinywa kahawa, lakini vikigusa mfupa wa ndege vilitulia tuli. Mifupa ya kila tabaka la udongo ilikuwa na trei yake, na alikuwa haachi kutuambia kwamba ndege asiyejulikana tabaka lake ni bubu, hawezi kusimulia enzi zake.

Siku moja, yeye akiwa hayupo, nilidondosha trei mbili. Nikairudisha mifupa kwa kubahatisha, nikanyamaza. Mwaka uliofuata alisoma matokeo yake mbele ya wenzake, na Profesa Kalchev akamdakia: "Mama, ndege wa theluji na ndege wa jua kali tabaka moja? Walialikana harusi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akanigeukia. "Ognyan, mwanangu, kuna mtu aliyezigusa zile trei?"

"Hapana, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akawatazama wenzake. "Basi nimekosea mimi. Macho yamezeeka." Akaikunja karatasi yake, kazi ya miaka minne, akashuka jukwaani akishikilia ukuta.

Jumatatu iliyofuata, tukiwa tena chumbani kwetu, alinikatia nusu ya mkate wake wa jibini. "Mbona huli?" akaniuliza. "Unaumwa?"

Nikamwambia nimeshiba.