Mwenyekiti wa Kwenye Filamu

Mimi si mwenyekiti wa kitu chochote. Nalisema hili kwanza kwa sababu hapa kwetu, upande huu wa Kitangari, wapo watu ambao mpaka leo wananisalimia kwa cheo ambacho sina.

Ilikuja gari na vijana wenye kamera. Walikuwa wanatengeneza filamu fupi kuhusu chemchemi ya bondeni, ile tunayochota maji bomba linapokauka, na bomba letu kukauka ndiyo kawaida yake. Msimu wa kupulizia mikorosho dawa, wanaume wanashuka na mashine mgongoni, wanazisuuza palepale tunapochota. Maji yanabaki na povu na harufu inayokwangua koo. Wakati huo mwanangu alikuwa na vipele kuanzia shingoni mpaka tumboni. Usiku halali, anajikuna mpaka damu. Pale zahanati walimtazama wakaniambia, "Mbadilishie maji." Nikauliza, nimbadilishie na yapi? Wakamwita mgonjwa mwingine.

Basi wale vijana walipouliza nani anaweza kusoma maneno na kuyashika, watu wakanisukuma mbele. Nimemaliza kidato cha nne, na mdomo ninao. Wakanipa nafasi ya mwenyekiti wa kamati ya maji. Kazi yangu ilikuwa kumfukuza mwanaume anayeosha mashine chemchemini: "Chota kwa ndoo, kaoshee shambani kwako! Hapa wanakunywa watoto!" Niliyarudia maneno hayo jua limeniwakia utosini, mtoto analia mgongoni, na mwongozaji anasema, "Mama, mara moja tu ya mwisho, ongeza hasira." Hasira nilikuja nazo kutoka nyumbani.

Walituonyesha filamu yenyewe kwenye uwanja wa shule ya msingi, juu ya shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani. Nilipotokea, vigelegele. Yule mwanaume alipokimbia na mashine yake inachuruzika, uwanja mzima ulimcheka mpaka watu wakashika mbavu, na maskini jirani yetu aliyeigiza hajawahi hata kumiliki mashine. Mzee mmoja akasimama akasema leo tumefunguka macho. Tukapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Asubuhi nikashuka na ndoo yangu. Nikakuta povu.

Hata sijafika nyumbani, jirani yangu mwingine, mwanamke mwenzangu, akanifuata nyuma anahema.

"Mwenyekiti! Kuna mtu anaosha mashine kule. Rudi ukamwambie."

"Wewe si ulikuwa kulekule?"

"Nilikuwepo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mimi tena? Si kazi yako ile? Tulikuona wote."

Nilidhani ananitania. Hakuwa na utani hata kidogo. Kesho yake akaja mwingine, nikiwa nasonga ugali. Akaja wa tatu na kesi ya mbuzi walioingia chemchemini, kana kwamba na mbuzi nao walikuwemo kwenye filamu. Mwishowe akaja mwenyekiti wa kweli wa kamati, mtu mzima mwenye mashine yake mwenyewe anayowaazima vijana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia umenipindua."

"Kiti chako kipo, baba. Njoo ukikalie kule bondeni."

Akacheka kwa pembeni, akaomba maji ya kunywa. Nikampa ya chemchemi. Akayanusa, akasema kiu imekwisha.

Sisemi filamu haikufanya kitu. Kabla yake hakuna aliyeona kusuuza mashine pale ni kosa. Baada yake hata vitoto vilikuwa vinacheza mchezo huo, mmoja anaosha, wengine wanamzomea. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu ule ulinifanya nikumbuke jambo. Siku ya kupiga picha, mwongozaji aliwapanga wanawake nyuma yangu na ndoo zao, akawaambia wanyamaze ili sauti zisigongane. Wakanyamaza. Filamu ikaisha, wao wakaendelea kunyamaza.

Siku niliyofika mwisho wa uvumilivu, vipele vya mwanangu vilikuwa vimeanza kutoa usaha. Nikashuka na wenzangu, tukamkuta kijana mmoja ameinamisha mashine, dawa inatiririka kwenye maji. Wenzangu wakajipanga nyuma yangu. Walijipanga vilevile, jamani, kama walivyopangwa!

"Chota kwa ndoo, kaoshee shambani kwako," nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

Kijana akaniangalia, akatabasamu. "Kamera iko wapi leo, mwenyekiti?"

Kuna aliyecheka nyuma yangu. Nilitamani kumpiga mtu kwa ndoo, sijui nani kwanza. Ndipo bibi mmoja akapita mbele, akachomoa kitochi chake kwenye fundo la kanga, kile kisimu cha vibonye ambacho hata saa hakionyeshi sawa, akamwelekezea kijana usoni.

"Hii hapa, mjukuu wangu. Haya, osha. Osha tukuone vizuri, wikiendi tukuweke kwenye shuka."

Kijana akakitazama kile kisimu, akatutazama sisi. Alijua hakina kamera. Lakini na yeye alikuwepo uwanjani siku ile, alicheka na wengine. Akabeba mashine yake, akapanda mteremko.

Maji yalikuwa yameshaharibika. Tukakaa tukasubiri yajisafishe. Jirani yangu akaniuliza, "Sasa kesho mwenyekiti utawaambiaje?"

"Kesho siwaambii. Mtoto anaumwa. Maneno unayajua, utasema wewe."

Akainama kuangalia kama maji yametulia. Nikajua yameishia hapo.

Kesho yake nilichelewa, nilikuwa nampaka mtoto dawa. Nikiwa bado kwenye mteremko nikasikia sauti chini, jirani yangu huyohuyo, anafoka: "Kaoshee shambani kwako! Hapa wanakunywa watoto!" Na baada ya hapo akaongeza matusi mawili matatu ambayo wale vijana wa kamera wasingekubali kuyaweka. Wanawake wengine wakadakia, sauti zikagongana, hata sikuelewa nani anasema nini.

Sikuharakisha. Nikaigeuza ndoo, nikaikalia palepale mlimani, mtoto amelala mgongoni, nikapumzika.