Kompyuta Iliyonyamaza

Wiki iliyopita, nyumbani kwangu Kisesa, niliweka mfumo mpya kwenye kompyuta mimi mwenyewe, nayo ikanisomea kila hatua tangu mwanzo. Badala ya kufurahi, nikamkumbuka dada yangu Neema.

Mchana mmoja wa utotoni, kwetu Buzuruga, nyumba nzima ilinukia dagaa wa kukaanga. Mjomba alikuwa akiniwekea mfumo kwenye kompyuta yangu ya kwanza. Akatoka kunawa, akamwambia Neema, "Angalia mtu asiiguse."

Mimi sioni tangu kuzaliwa. Feni ya kompyuta ilivuma tu, haikusema neno, nikadhani imekwama. Sikujua kwamba enzi hizo sauti ya kunisomea ilikuja mwisho, kazi ikishakamilika. Neema alipokwenda kugeuza dagaa, nilipapasa ukutani nikazima swichi, nikawasha tena, kama tulivyofanya redio ikigoma.

Haikuwaka vizuri tena.

"Wewe mwenye macho ulikuwa unaangalia nini?" Mama alimuuliza Neema. Kisha nikasikia fimbo.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Tulipokaa kula, sahani yangu nilijua ilipo, lakini niliipapasa mezani taratibu, mara mbili, ili waone nisivyojiweza.