Mzee Tobo Ajikamata

Kwa miaka ishirini na sita alitoboa tiketi kwenye treni ya mjini, hata abiria wakasahau jina alilopewa na mama yake, wakamwita Mzee Tobo. Alimjua mkwepa nauli kwa usingizi wake: asiye na tiketi hufumba macho kupita kiasi.

Kisha zikaja kadi za kugusisha mlangoni. Mzee Tobo akanyang'anywa koleo lake la kutobolea, akapewa mashine ya kukagulia na sharti moja: mkaguzi atakayemaliza wiki bila kuandika faini hata moja, hana kazi. Naye alibakiza miezi minne tu apate kiinua mgongo.

Ijumaa ya kwanza ikafika jioni, mashine haijaandika kitu.

Kwenye kituo kimoja bwana mwenye tai akapita mlangoni mikono mitupu, akabana midomo, akalia "tii!" vizuri kuliko mlango wenyewe.

"Kadi yako, bwana."

"Sina."

"Basi nakuandikia faini."

"Andika, mzee wangu. Nikushikie miwani?"

Mashine ikasema: *Gusisha kadi ya mkosaji.* Bila kadi haikwenda mbele wala nyuma. Behewa zima likaangua kicheko. Kumbe ili uwe mkosaji, lazima kwanza uwe na kadi!

Kando ya bwana yule, mkunga mstaafu, mfuko wa vitunguu mapajani, akanyoosha kadi yake bila kuombwa. Mashine ikawasha taa nyekundu.

"Niligusisha, baba. Haukulia. Nikagusisha tena, nikauomba na radhi."

Mzee Tobo alijua anasema kweli. Mlango ule ulikufa tangu Jumanne. Alikuwa ameripoti mwenyewe, ofisi ikamjibu kwamba milango mipya haifi. Kidole chake kikaning'inia juu ya kitufe. Abonyeze mara moja tu, wiki iokoke.

"Bonyeza, mzee!" bwana mwenye tai akamhimiza. "Si umempata wako?"

Akakitazama kiganja cha yule mama, kilichopokea watoto wa nusu ya mtaa.

"Weka kadi yako mfukoni, mama."

Akachomoa kadi yake mwenyewe ya kazini, akaigusisha. Nyekundu. Naye alikuwa amepitia mlango ule ule. Akajisomea kosa kwa sauti, kama kanuni zinavyotaka, akajiuliza kama ana la kujitetea, akajijibu hana. Mashine ikatema karatasi.

Akawa anapitia mlango ule uliokufa na kujikamata kila Ijumaa. Faini zikakatwa kwenye mshahara. Mkewe akaambiwa ni michango ya kazini. Ofisi ikampa cheti cha mkaguzi asiye na huruma.

Siku ya kustaafu alipewa kiinua mgongo chake na barua mbili. Ya kwanza ilimpongeza. Ya pili ilimpiga marufuku mwenye kadi ile, mkosaji sugu, asikanyage tena treni.

Akarudi nyumbani kwa miguu.

"Mbona vumbi hadi magotini, baba watoto?" mkewe akauliza.

"Nimekamatwa."

"Na nani?"

"Na mkaguzi mmoja hivi," akasema, akivua viatu. "Mkali kweli kweli."