Senene Juu ya Damu ya Mwanangu

Uvumilivu wangu uliisha siku nilipomkuta nesi ananyonyoa senene, wale panzi wa kukaanga, kwenye meza ileile alikoanika kadi ya damu ya mwanangu. Mabawa yalikuwa yameshanata kwenye damu mbichi.

Mimi naishi na virusi vya UKIMWI. Tone lile la damu, alilotobolewa mtoto kisiginoni na kudondoshewa kwenye kadi, lilikuwa liende maabara Bukoba, mashine itafute DNA ya virusi, nijue kama nimemwambukiza mtoto. Hii ilikuwa kadi ya pili; ya kwanza ilirudi na jibu kwamba imechafuka, haipimiki. Nesi akasema mtoto ndiye aliyerusharusha mguu.

"Dada, hiyo ni damu ya mtu!"

"Mawe!" nesi akamaka kwa Kihaya. "Senene ni safi, mama. Hata wewe unawala."

"Nawala kwenye sahani!"

Akayapuliza mabawa kwa mdomo, mate yakarukia kadi.

Nilibeba mtoto hadi ofisi ya afya ya wilaya, Muleba, nikaandika malalamiko yangu na kuyagongesha muhuri: "Naomba mwanangu atolewe damu upya, na kadi ikaushwe mbali na chakula, mimi nikiangalia. Senene wake akawanyonyolee kwake."