Siku Tuliyomngoja Veterineri

Kwetu Nkanka, mama yangu ndiye aliyekuwa mdomo wa sheria. Kwenye kila mkutano wa kijiji alisimama kukumbusha watu: hakuna kuchinja nyumbani, mnyama aonwe kwanza na veterineri, daktari wa mifugo. Maneno hayo hakuyaokota redioni. Tulipokuwa bado Bukavu alimzika mdogo wake aliyekula nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Kwa hiyo jirani yetu alipochinja nguruwe nyuma ya migomba yake, mama alimshtaki bila kupepesa macho, na nyama ikafukiwa shimoni huku watoto wa jirani wakitazama. Siku ile nilimwonea mama haya, nasema kweli.

Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Msimu wa mvua uliopita ng'ombe wake, aliyemkamua mwenyewe na kumwita mwanangu, aliteleza mteremkoni akavunjika miguu ya nyuma. Mama akampigia simu veterineri. Huyo alikuwa mbali, Giheke, na barabara ilikuwa tope tupu. Akasema anakuja.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yuleyule, na kisu chake kimenolewa. Nyuma yake watu na mabeseni, kimya kama wako msibani, macho kwenye mapaja ya ng'ombe.

"Maman, ngombe iko nateseka," jirani alisema. "Sema neno moja tu, nitaimaliza."

Mama akamtazama ng'ombe, kisha akawatazama watu. Hapakuwa na hata mmoja ambaye mama hakuwahi kumhubiria. Alikuwa amenaswa na maneno yake mwenyewe, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Tungoje veterineri," akasema.

Tukangoja. Mvua ikanyesha, ikakatika. Ng'ombe alijaribu kuinuka, akaanguka, akajaribu tena. Nilikuwa na hasira na sheria, na mama, na mabeseni yale. Nikapiga kelele, "Maman, sema basi!" Mama alipiga magoti topeni akakipakata kichwa cha ng'ombe. Jirani akamuuliza tena. Mama akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka.

Pikipiki ya veterineri ilisikika mlimani wakati ng'ombe ameshakata roho. Na sheria ya mama ilikuwa ileile: mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, anafukiwa. Watu wakarudi na mabeseni yao matupu. Veterineri akampa mama mkono.

"Asante sana, Maman. Bengine bangekuwa bameshakula."

Mama aliupokea ule mkono kama mtu anayepokea rambirambi.

Jirani ndiye aliyebaki kutuchimbia shimo. Mama aliketi kando, kitenge chake kimeganda tope. Kisha akamgeukia jirani kwa ukali.

"Juu ya nini ulinisikia, haukuimaliza tu?"

Jirani hakuacha kuchimba.

"Ni weye ulinifundisha, Maman."