Tulichomfanyia Mgonjwa Nyumbani

Mama alipoumwa tumbo nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa amekwisha kufa katika shimo la dhahabu huko Salamabila, na mimi ndiye mkubwa wa watoto watano. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alichemsha majani, akayaacha yapoe, akampiga puare. Puare ni ule mpira wa mviringo wenye mdomo mrefu, wa kusafishia tumbo kwa nyuma. Kwetu hakuna nyumba inayoukosa. Mtoto akivimbiwa, puare. Mgongo ukiuma, puare. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kuna tumbo lisilotaka kusukumiwa maji.

Tulipofika hospitalini, muuguzi alikuwa anamgombeza mwanamke mmoja mbele ya watu wote kwa sababu hiyohiyo ya puare. Kisha akatugeukia, akauliza kama nasi tulimfanyia mgonjwa chochote nyumbani. Mama mdogo alinifinya mkono.

“Hapana, muganga,” nikasema.

Mama alikufa siku ya pili, kabla ya kupasuliwa. Sijui kama jibu langu ndilo lililomwua. Najua lilikuwa la uongo, na kwamba nililitoa mimi.

Niliacha shule mwaka huo, nikashika jembe. Tulilima muhogo na karanga pale Lusangi, wadogo zangu wakakua. Wa mwisho ni msichana. Alipotimiza miaka kumi na sita alishikwa na homa iliyokaa wiki mbili, kisha asubuhi moja akajikunja kwenye mkeka akilia. Waliniita shambani. Nilipofika nilikuta puare imekwisha kuoshwa na kuanikwa, na bakuli la uji tupu kando yake. Tumbo la mdogo wangu lilikuwa gumu kama ubao.

“Itapoa,” mama mdogo akasema. “Tungoje kidogo.”

“Hatungoje kitu. Naita pikipiki.”

“Eh! Weye uliacha shule kitabu hakijaisha, leo umekuwa docteur?”

“Hii tumbo naijua, mama. Na weye unaijua.”

Mama mdogo alifunga kitenge chake vizuri, akachukua kikapu.

Tulimweka mgonjwa katikati, dereva mbele, mimi nyuma nikimshika kwapani. Mama mdogo alifuata na pikipiki nyingine. Penye matope nilimteremsha, nikambeba mgongoni, pikipiki ikavuka, tukapanda tena.

“Yaya,” mdogo wangu akaniita, kama tunavyowaita wakubwa wetu, “uniache hapa nilale.”

“Utalala kwa hospitali.”

Benchi la hospitali lilikuwa limejaa. Nilipita mbele ya wote, nikatukanwa, nikaendelea kupita. Muuguzi aliuliza swali lile lile: “Mulimufanyia kitu kwa nyumba?”

“Hata,” mama mdogo akasema. “Ni maji tu.”

Nilisikia vidole vyake mkononi mwangu, palepale pa zamani.

“Tulimupiga puare ya majani leo asubuhi,” nikasema. “Na alikunywa uji, bakuli muzima. Kisha ya puare, maumivu yakaenea tumbo yote.”

Muuguzi alitupa kalamu mezani. “Munaua watu wenu na mikono yenu!”

“Utanigombeza kesho, muganga. Nitakuja mwenyewe, nitakaa hapa. Leo uite mupasuaji.”

Alinitazama kidogo, kisha akaenda kumwita. Daktari alibonyeza tumbo mara moja tu. Aliniuliza tena juu ya uji, ulinywewa saa ngapi, na juu ya maumivu, yalihama vipi. Akaamuru apitishiwe mpira puani, uji utolewe kabla hajalazwa usingizi, usije ukampanda na kumwingia mapafuni. Utumbo ulikuwa umetoboka. Walimpasua jua likiwa bado juu, na akapona.

Kesho yake nilirudi kwa muuguzi, nikakaa. “Haya, unigombeze.”

“Ile ya jana imeisha,” akasema, akacheka kwa aibu.

Kabla hatujaruhusiwa kurudi nyumbani, wauguzi walituita sisi jamaa tunaolinda wagonjwa. Walitaka kujua kwa nini matumbo ya namna ile yanachelewa kufika kwa mpasuaji. Watu walitaja barabara na ule mstari wa benchi. Mimi nilisimama nikasema, “Mukitugombeza, tunaficha.”

“Kwa hiyo mukosee, siye tucheke?” muuguzi mmoja akauliza.

“Mugombeze, lakini kisha ya kumupasua. Mbele ya pale, muulize tu.”

Siku hizi nikipeleka unga sokoni Kasongo, napitia hospitalini. Mdogo wangu hunifuata na fungu dogo, akinung'unika kwamba kovu lake limekwisha kukomaa na anaweza kubeba kama mimi. Wiki iliyopita tulimkuta bibi mmoja amemleta mjukuu wake, tumbo limevimba. Muuguzi aliacha watu wa benchi, akainama karibu na bibi, akauliza kwa sauti ya chini, “Mama, mulianza kumusaidia namna gani kwa nyumba?”

Bibi alitazama kushoto na kulia. Kisha akaingiza mkono ndani ya kikapu, akatoa puare iliyofungwa katika kipande cha kitenge, akamwekea mkononi. Muuguzi akashukuru, akaita machela.

Bibi alikuwa amekwisha kushika chupa ya maji ampe mtoto funda moja la njiani. Nikakumbuka ule uji; niliweka unga chini, nikamwendea kumzuia.